Wageni Wasiovua Makoti

Kwenye matanga ya Papa Gedeon, nyumbani kwa binti yake kule Kensington, Johannesburg, nilikalia kiti cha plastiki karibu na mlango wa jikoni. Hapo mtu husikia yote bila kuulizwa lolote. Sebuleni wanaume walikuwa wakiimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini, ya watu waliokesha. Jikoni wanawake wawili nisiowafahamu walikuwa wakitwanga sombe, majani ya muhogo, na kumzungumzia marehemu. "Huyu muzee alikuwa mugumu," mmoja akasema. "Shemeji yake alikuwa na kansa, yeye akamufukuza aende kufia Bukavu. Aliogopa kazi ya kuzika hapa." Mwenzake akaguna. "Batu na roho zao!" Wakaendelea kutwanga.  Nimeshavuka arobaini, na kazi ya uuguzi imenifundisha kwamba msibani mtu hasahihishi wenye mchi mkononi. Lakini njiani nikirudi, nilipokuwa nimesimama kwenye roboti, taa za barabarani kwa lugha ya huku, nikisubiri zibadilike, nilihesabu waliokuwamo katika chumba kile cha Malvern asubuhi ile. Mama Nabintu, huyo shemeji mwenyewe, alikwisha tangulia. Maman Chantal alihamia Kanada na watoto wake. Papa Gedeon ndiye huyo tuliyekuwa tunamlilia. Katika jiji hili nilikuwa nimebaki peke yangu ninayejua ilivyokuwa.

Mwaka wenyewe ulikuwa 2017. Nilikuwa mwaka wa tatu katika chuo cha uuguzi, mwanafunzi mzee kati ya wasichana waliotoka sekondari juzi, na nilipanga chumba cha nyuma kwa Mama Nabintu, fundi cherehani kutoka Bukavu, mashariki mwa Kongo. Nyumba yake ilikuwa katika mtaa mfupi unaochepuka kutoka Jules Street. Sebule ilikatwa katikati kwa pazia la kitenge. Upande mmoja zilikaa cherehani mbili, na nguo za wateja zilining'inia kwenye kamba kama watu waliosimama foleni. Upande wa pili kulikuwa na makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma na meza ambayo haikuwahi kupungukiwa na kitu cha kula. Wateja waliingia kutoka barabarani tangu asubuhi: wasusi, wake za wachungaji, walinzi wenye suruali za kupunguza. Kila mmoja alizungumza Kiswahili cha kwao, na Mama Nabintu aliwajibu wote kwa cha Bukavu, kile kinachosema "batu" badala ya "watu". Changu cha Tanga kilimchekesha. "Weye Mutanga," aliniambia, "Kiswahili yako ni ya redio. Unasema sana, habari inachelewa kufika." Alinitengea sufuria yangu, akaiita sufuria ya Mwislamu, na ole wake mpangaji aliyeitia chakula kingine. Unga wa mahindi wa huku aliulaumu kila siku kwamba hauna mgongo. Akausonga vilevile, akala, akasema afadhali kesho.

Mwanzoni mwa mwaka akaanza kuacha chakula sahanini. Alisema tumbo limejaa gesi. Kisha macho yakaingia rangi ya manjano, na mwezi wa nne nikafuatana naye hospitali, mimi na shemeji yake Papa Gedeon, ndugu wa marehemu mume wake. Papa Gedeon alikuwa mlinzi wa usiku katika jengo la ofisi Marshalltown, na kwa watu wa kwao waliokuwa hapa mjini yeye ndiye aliyekuwa mkubwa. Bukavu aliwahi kuwa mwalimu, na hata akiwa amevaa sare ya ulinzi aliingia chumbani kama anayekuja kusahihisha mitihani. Kiingereza alikijua. Mama Nabintu alijua cha sokoni tu. Basi yeye ndiye aliyetafsiri, na mimi, mpangaji, nilisimama karibu na sinki nikiwa nimeshika mkoba wa mgonjwa.

Daktari alikuwa kijana mpole, na macho yake yalionyesha hajalala. Alisema uvimbe umeanzia kwenye kongosho na umeshafika kwenye ini. Hauwezi kuondolewa. Watampa dawa za maumivu na watamwangalia kwa karibu. Papa Gedeon alisikiliza mpaka mwisho, akageuka kwa shemeji yake, akasema, "Daktari anasema dawa iko. Itachukua muda, lakini iko." Mama Nabintu akaitikia kwa kichwa. "Muulize kama naweza kusafiri. Minataka kwenda kumuona mama." Papa Gedeon akauliza kweli, kwa Kiingereza safi. Daktari akaweka kalamu chini. Alisema kama ana safari moyoni, aifanye sasa, wakati bado ana nguvu, asingoje. Papa Gedeon akamgeukia shemeji yake. Kisha akasema, "Anasema tungoje kwanza nguvu zirudi." Mama Nabintu akamshukuru daktari kwa mikono miwili.

Kwenye korido, mgonjwa alipoingia msalani, nilimwambia, "Papa, daktari amesema asafiri sasa." Hakunikemea. Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyeshika kisu kwa upande wa makali. "Mwanangu Zuhura, kwetu mgonjwa haambiwi. Anaambiwa ndugu, na ndugu ni mimi. Kaka yangu mkubwa aliambiwa. Daktari alimwambia waziwazi, mbele ya wote, na yeye akarudi nyumbani akageukia ukuta, hakula tena. Ugonjwa haukumuua, kuambiwa ndiko kulikomuua. Ulichosikia umesikia. Kiache hapa." Nikakiacha, maana sikuwa ndugu. Lakini tangu siku ile, kila Mama Nabintu alipotaja safari, nilijitafutia kazi jikoni. Alikuwa hajamwona mama yake tangu aje Afrika Kusini. Alitaka kwenda mwezi wa kumi na mbili, akisha kunenepa. "Siwezi kufika kwetu hivi nimekonda," alisema akiwa amekaa kwenye cherehani. "Batasema Afrika Kusini imenikula." Kwa hiyo alikuwa anangoja nguvu ambazo hazikuwa njiani, na kila mwezi wa kungoja ulikuwa unakula zile chache zilizobaki.

Ndipo ikaja safari yangu. Chuo kilikuwa kimechagua wanafunzi wachache kwenda Ubelgiji, katika mji wa Ghent, kuona jinsi wenzetu wanavyouguza na wanavyoishi. Nikifikiria sasa, naona nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa mtu mzima na nisingewapoteza wengine. Mwalimu wetu, Sister Mokoena, alikuwa na miguu mibovu, akahitaji mtu wa kuhesabu vichwa vituoni. Mama Nabintu alinishonea koti. Nilimkatalia, nikamwambia apumzike, akaniambia nisimpangie. Siku ya kuondoka alinifunga kifungo cha juu mwenyewe, vidole vyake vikiwa baridi, akasema, "Angalia vizuri vile banaponyesha batu huko, ukirudi unifundishe."

Ghent ninaikumbuka kwa uchovu. Jua lilikuwa halitaki kuzama. Tulilala wanne katika chumba chenye vitanda vya ghorofa na dirisha lisilo na pazia zito, na asubuhi tulikuta mkate umenyunyiziwa chembe za chokoleti. Wasichana wa Soweto walicheka mpaka wakakohoa. "Eish, hawa wanakula keki ya birthday kila siku!" Mchana tulitembezwa, asubuhi hospitali, alasiri makanisa na mifereji, na Sister Mokoena alikaa kwenye kila benchi alilolikuta, akatuambia tuendelee tu, Ulaya haiendi popote. Wiki ya mwisho Ramadhani iliandama. Msafiri amesamehewa, najua, lakini nilijaribu siku ya kwanza. Kufika saa ya kufuturu nilikuwa nimechoka kiasi cha kusahau dua, nikala ndizi nimesimama. Siku ya pili nikajisamehe.

Tulikabidhiwa kwa muuguzi mmoja aliyeitwa Lieve, mwanamke mrefu mwenye sauti ya taratibu, aliyezunguka kwa baiskeli kuwahudumia wagonjwa majumbani. Sisi tulimfuata kwa basi na kumkuta mlangoni. Nyumba moja ilikuwa ya mzee aliyeitwa Jozef, mwenye kansa ya mapafu. Alikuwa anakula viazi vilivyopondwa na mboga chungu, peke yake, redio ikiwa wazi. Lieve alimbadilishia bandeji, akakaa, akamuuliza kama ameshaamua juu ya nyimbo. Nilidhani ni nyimbo za redio. Kumbe ni za mazishi yake. Mzee akasema ya kwanza imekubaliwa, ya pili dada yake anaona ni ya kilevi, lakini yeye ndiye atakayekuwa ndani ya sanduku, si dada. Wakacheka wote wawili. Akachota kijiko kingine cha viazi. Tulipotoka niliona nimebana meno. Nilikuwa nimemwonea wivu mtu anayekufa, kwa vile alivyokuwa na habari zake mwenyewe mkononi. Lakini kiti kilichokuwa mbele yake mezani kilikuwa na magazeti, na magazeti yale yalikuwa na vumbi.

Lieve alinieleza njia yao. Kabla ya kumwambia mgonjwa lolote, humuuliza: unajua nini juu ya ugonjwa wako, na ungependa kujua kiasi gani? Jambo hilo lilinipendeza, nikaona nimepata cha kurudi nacho Malvern. Kesho yake tukaenda wodini hospitali, na huko jambo lenyewe likavunjika mbele yangu. Kulikuwa na mzee wa Uvira, kulekule Kongo, mkimbizi, hana ndugu katika mji ule, anajua Kiswahili na Kifaransa kidogo. Sheria yao haikuruhusu kila mtu kutafsiri, na walikuwa sahihi, nilijua hivyo kuliko wao. Alipatikana mkalimani aliyefunzwa, kwa simu. Simu ikawekwa juu ya shuka, karibu na goti la mgonjwa, sauti ikifunguliwa wote tusikie. Daktari akauliza maswali yote mazuri. Sauti ya kijana ikatafsiri bila kuongeza wala kupunguza, Kiswahili fasaha kuliko changu. Mzee akajibu kwamba ndiyo, anataka kujua. Akaambiwa. Akaitazama simu kwa muda. "Huyu ni nani?" akauliza. Kijana, kwa uaminifu, akatafsiri hata hilo. Daktari akasema ni mkalimani. "Najua ni mukalimani. Ni mutoto wa nani? Ametoka wapi? Kifo changu kinaletwa na mutu hana hata uso." Akajifunika mpaka kichwani. Lieve aliniuliza nje tumekosea wapi, na alitaka jibu kweli.  Akauliza kwetu ingekuwaje. Nikamwambia, "Kwetu asingeambiwa." "Basi angejuaje?" akasema. 

Siku hiyohiyo nilikuta Mama Nabintu amenirekodia ujumbe kwenye simu. Sauti ilikuwa nyembamba, na nyuma yake cherehani ilikuwa kimya. "Zuhura, unakula? Huko bana fufu, ao munakula tu majani? Miye niko sawa. Nimekata kitambaa ya mama, bado kushona. Papa Gedeon anasema nguvu inakuya pole pole." Nilisikiliza nikiwa nimekaa kwenye ngazi za hosteli. Nikasikiliza tena kwa masikio ya wodini: pumzi aliyovuta katikati ya sentensi, mahali alipomeza mate.

Nilirudi Johannesburg katika baridi ya mwezi wa sita, ile inayopita chini ya mlango na kukaa sebuleni kama mpangaji. Mama Nabintu alinipokea akiwa amesimama, lakini ameshika kochi. Alikuwa amepika sambaza kavu, dagaa wa ziwa la kwao, za kutoka soko la Yeoville ili nifuturu, na yeye hakuzigusa. "Sasa nifundishe," akasema. "Banaponyesha namna gani?" Nilimwambia kwamba kule manesi wanapanda baiskeli. Akacheka, kicheko kikamuumiza, akashika ubavu. Nilimsaidia kwenda kulala, nikasikia mifupa ya bega lake ndani ya kiganja changu, nikajua kwamba tukingoja mwezi mwingine hatapanda ndege yoyote.

Asubuhi nilikwenda Marshalltown kabla ya darasa, kumkuta Papa Gedeon akitoka zamu. Tulisimama kwenye ukuta wa jengo lake, karibu na mama anayeuza magwinya, maandazi ya huku. Alininunulia moja, akakumbuka nimefunga, akacheka kwa aibu, akalifungia kwenye karatasi. Niliogopa kumwambia anachofanya ni kibaya, kwa sababu sikuamini kwamba ni kibaya. Nikamsimulia habari ya mzee wa Uvira. Alisikiliza, na nilipofika kwenye simu juu ya shuka, akanishika mkono. "Kwa simu?"

"Kwa simu, Papa."

"Peke yake? Hakuna hata mtu mmoja wa kwao?"

"Tulikuwepo wageni. Na simu."

"Sasa hao ni watu gani!" Mama wa magwinya akageuka kututazama. "Habari nzito haitupwi hivyo. Kwetu, hata kuku akifa, kuna namna ya kusema. Habari nzito inabebwa na watu watatu, asubuhi, kabla ya mtu kula. Wanaingia kwa mlango wa mbele. Wanakaa. Hawavui makoti, hawanywi chai, mpaka waitue. Na wakiisha kuitua hawaondoki, wanashinda naye, wanalala naye kama inabidi. Hivyo ndivyo."

"Basi mpelekeeni Mama Nabintu hivyo," nikasema.

Akaniachia mkono. "Ile ni ya kufiwa, mwanangu. Unampelekea mtu kifo cha mwenziwe. Hatujawahi kumpelekea mtu kifo chake mwenyewe."

"Anamngoja nani, Papa? Anangoja nguvu ili akamwone mama yake. Wewe unajua haziji. Mimi najua. Daktari anajua. Asiyejua ni mwenye safari peke yake."

 Watu wa ofisini walikuwa wameanza kuingia, na mmoja akamsalimu kwa jina asilokuwa nalo. Akaitikia. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyesimama usiku kucha na ambaye anajua akilala ataamka na mzigo uleule. "Kaka yangu aliambiwa na daktari aliyesimama mlangoni," akasema baadaye, kama anayeongea na ukuta. "Hata hakukaa. Nilikuwa sijaliona hilo." Kisha akaniuliza Maman Chantal anapatikana siku gani.

Maman Chantal alikuwa shemasi wa kanisani kwao, mwenye saluni barabarani, mwanamke wa maneno mengi. Papa Gedeon aliamua nami niwe wa tatu, kwa kuwa nilisikia kwa daktari na ningeulizwa. Nikamwambia mimi naishi mle ndani. Akasema haidhuru, mbebaji haingii na habari kwa mlango wa jikoni. Kwa hiyo Jumamosi ile, kabla jua halijachomoza vizuri, nilitoka kwa mlango wa nyuma wa nyumba niliyopanga, nikazunguka ukuta, nikawakuta wenzangu wanatetemeka kwenye geti, tukabisha hodi mbele. Maman Chantal alinong'ona, "Zuhura, tukicheka Mungu atatupiga." Hakuna aliyecheka.

Mama Nabintu alifungua akiwa na kanga begani. Alipomwona Papa Gedeon alitabasamu, akamwona Chantal, akaniona mimi na koti alilonishonea, nimesimama nje ya nyumba yangu. Tulipita, tukakaa kochi moja, watatu kwa mstari. Akasema aweke maji ya chai. Papa Gedeon akasema hapana, asante. Akatutazama makoti. Kisha nikaona uso wake unafunguka, na kabla hatujasema neno alipiga magoti sakafuni. "Mama! Mama amekufa! Mama yangu!" Akavua kanga akajifunga kiunoni kama wafiwa wanavyojifunga, na ukelele wake ukawaamsha wapangaji wengine. Katika kupanga kwetu kote, sisi watu wazima watatu, hakuna aliyewaza kwamba kwake yeye umbo lile lilikuwa na maana moja tu. Papa Gedeon alishuka akapiga magoti mbele yake. "Shemeji, hapana. Mama yako ni mzima. Nakuapia, mzima."

"Mzima?"

"Mzima kabisa. Jana amekula."

Akakaa chini palepale kwenye zulia. Akapumua. Akacheka, machozi yakiendelea kushuka, akasema "Mungu asante, Mungu asante," akampiga Papa Gedeon begani kwa kofi la hasira na la furaha. "Munataka kuniua! Muko batu gani, munaingia hivi!" Sisi hatukucheka. Alifuta macho kwa pindo la kanga, akatazama tena kochi. Hakuna aliyekuwa amevua koti.

"Sasa ni nani?" akauliza.

Papa Gedeon alifungua mdomo. Alikuwa ameandaa maneno, alinisomea getini, maneno mazuri yenye mistari ya Biblia. Hayakutoka. Mama Nabintu akamtazama yeye, akamtazama Chantal ambaye alikuwa ameinamisha kichwa, kisha akanigeukia mimi na kubaki kwangu.

"Ni miye?"

Nilimjibu, "Ndiyo, Mama."

Nimefanya kazi hospitali miaka mingi tangu wakati huo, na nimeona watu wakipokea habari hiyo kwa namna zote. Wapo wanaouliza kama ni jina lao kweli. Wapo wanaotaja mtoto ambaye hajamaliza shule. Yeye alibaki kwenye zulia, na usoni mwake bado kulikuwa na mabaki ya ile furaha ya mama kuwa mzima. Haikuwa imepata muda wa kuondoka. Kisha akauliza tangu lini tunajua. Papa Gedeon akasema tangu mwezi wa nne. Hapo akakasirika. Alimwita majina ambayo sitayaandika, akamwambia amemwibia miezi, angekuwa ameshakwenda na kurudi, angekuwa amekwenda akiwa na matako. Papa Gedeon alipokea yote akiwa amepiga magoti. Hakujitetea, wala hakumtaja kaka yake. Alipochoka, Mama Nabintu aliniuliza imebaki wakati gani, nikamwambia sijui, lakini si wa kungoja Desemba. Akainuka kwa kushika bega la shemeji yake. "Vueni makoti basi," akasema. "Chantal, weka maji." Walishinda pale mpaka jioni ya Jumapili. Papa Gedeon hakwenda zamu. Kazi ile ilimponyoka kidogo kidogo baada ya hapo, na hakuwahi kulitaja.

Mama Nabintu aliondoka kwenda kwao kabla mwezi haujaisha. Wateja walikuja kuchukua nguo zao zilizoisha na zisizoisha, na wanawake wa kanisani walishona zilizobaki kwa zamu, mishono ikapinda, yeye akiwa amelala kochini na kuwatukana kwa upendo. Papa Gedeon alisafiri naye kwa ndege mpaka Kigali, kisha kwa gari hadi mpakani, akamkabidhi mgonjwa kwa wadogo zake waliotoka Bukavu, akageuka. Hiyo ndiyo "kumfukuza" wanayoitwanga watu pamoja na sombe. Siku ya kuondoka, kwenye uwanja wa ndege hapa Johannesburg, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, Mama Nabintu alinivuta karibu. Nilidhani atanibariki. "Kitu moja," akasema. "Mama yangu asijue. Nitamwambia ni malaria. Yeye ni muzee, habari kama hiyo itamuua. Unasikia? Haambiwi." Papa Gedeon alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Tulitazamana juu ya kichwa cha mgonjwa, na nadhani hiyo ndiyo mara pekee mwaka ule nilipomwona karibu kutabasamu.

Mama Nabintu alipiga simu wiki chache baadaye, Jumapili. Alisema mvua hakuna, ziwa liko palepale, anakula kidogo, anakaa uani mchana na mama yake wanachambua maharage. Sauti ilikuwa imechoka lakini haikuwa na haraka. Kisha nikasikia mtu anamnyang'anya simu, na sauti nyingine ikaingia, nzee, kavu, Kiswahili kikitafutwa neno kwa neno. "Ni weye dogiteri wa kule?" Nikasema mimi si daktari, bibi, mimi ni nesi. "Ni sawa. Niambie weye. Banasema malaria. Miye nimezaa tisa, nimezika batano. Mutoto wangu anapona?"

Nilikuwa nimekaa kwenye chumba changu Malvern, na upande wa pili wa pazia cherehani zilikuwa zimefunikwa shuka. Nilifikiria Papa Gedeon na daktari wa mlangoni, nikafikiria simu iliyolala juu ya shuka huko Ghent, na nikajua kwamba sasa mimi ndiye ile sauti isiyo na uso. Nikamwambia, "Bibi, yeye yuko hapo karibu yako. Mshike mkono, umuulize mwenyewe."

 Simu iliwekwa chini, juu ya kitu kigumu, bila kukatwa. Nikamsikia mzee akisema neno kwa Kimashi, lugha yao ya nyumbani, ambayo sijui hata salamu yake. Mama Nabintu akajibu kwa sauti ambayo kwangu hakuwahi kuitumia, sauti ya mtoto. Mzee akasema tena. Wakaendelea hivyo, mmoja baada ya mwingine, polepole, na hakukuwa na mtu wa kutafsiri wala wa kutafsiriwa. Nilisikiliza kidogo tu. Kisha nikakata simu, maana hayakuwa yangu.